Mwaka Niliowahesabu Ng'ombe wa Baba

Hadi leo nikisikia ng'ombe anakohoa, naacha ninachokifanya. Haijalishi niko wapi. Juzi juzi tu nilikuwa nimekaa kwa watu wananikaribisha chai, ng'ombe wa jirani akakohoa nyuma ya ukuta, nami nikaweka kikombe chini nikaanza kusubiri kikohozi cha pili. Mwenyeji akafikiri chai imeniunguza. Nikamwacha afikiri hivyo, maana ukianza kueleza kwamba unaogopa kikohozi cha ng'ombe kwa sababu ya fizikia, watu wanakuangalia kwa huruma.

Lakini ni kweli, ilianzia kwenye fizikia.

Nilikuwa mwalimu wa sekondari Bariadi mjini, miaka ile ya tisini biashara ya pamba ilipofunguliwa. Mkoa wa Simiyu haukuwapo bado, tulikuwa watu wa Shinyanga. Zamani pamba ilikuwa na mnunuzi mmoja, chama cha ushirika, na mzani mmoja. Ghafla wakaja wanunuzi binafsi na malori yao, kila mmoja na mzani wake, na gunia lile lile likawa na uzito tofauti kila lilipopandishwa. Mara mbili wakulima waliniita mimi, mwalimu wa fizikia, niseme mzani upi ni mkweli. Nilifurahia kazi ile kupita kiasi. Nilibeba mawe ya mizani ya maabara kwenye mkoba, nikabeba na ulimi wangu, nikagombana na wanunuzi wawili mbele za watu. Nayasema haya ili mjue nilikuwa mtu wa namna gani. Niliamini kila kitu kina namba yake, na asiyetaka kuisema ama ni mvivu ama ni mwizi.

Jioni, nikishamaliza kusahihisha madaftari, nilisoma. Mhadhiri wangu wa zamani wa Dar es Salaam alikuwa akinitumia kwa posta nakala za makala za fizikia ya kwanta, zile alizozipata kwa shida na yeye. Mwaka huo aliniandikia orodha ya mada ambazo watu walikuwa wanazitafiti huko duniani, akasema nichague moja haraka. Kulikuwa na ufadhili wa masomo ya nje, na fomu ilitakiwa irudi kabla ya Agosti.

Niliibandika orodha ile ukutani juu ya kitanda. Mada ya kwanza ilikuwa swali la upimaji, ambalo ndilo msingi wa yote. Chembe ndogo kama elektroni, kabla hujaipima, haina jibu moja. Si kwamba jibu lipo limefichwa mahali. Majibu yako yote pamoja, na ukishapima linabaki moja, mengine yanapotea na hayarudi. Kwa nini iwe hivyo? Wakubwa wamebishana miaka na miaka na hawajapatana. Mada ya pili ilihusu chembe mbili zilizowahi kuwa pamoja zikatenganishwa, lakini ukiiuliza hii, jibu lake linaoana na la ile iliyo mbali. Ya tatu ilihusu jinsi hali hizi zinavyoyeyuka kwa kuguswa tu na joto au hewa. Ya mwisho ilikuwa mpya kiasi kwamba mhadhiri aliiongeza kwa kalamu pembeni: kompyuta za kwanta. Kwa sehemu kubwa mashine zenyewe zilikuwa bado kwenye karatasi za watu.

Nilichagua hiyo ya mwisho, na ndani yake kipande kimoja: namna ya kuilinda taarifa isiharibike. Taarifa ya kwanta ni dhaifu sana. Ukiiweka kwenye chembe moja, chembe ikiguswa, imekwenda. Basi unaisambaza kwenye chembe nyingi, ili moja ikiharibika nyingine ziiokoe. Ugumu uko kwenye kukagua. Ukichungulia ndani kutaka kujua taarifa yenyewe ni ipi, umeiharibu kwa mkono wako. Inabidi uulize kandokando tu: hii na jirani yake bado zinaelewana? Kuna iliyogeuka? Unajua penye hitilafu bila kujua kilichomo. Nilipoelewa jambo hilo mara ya kwanza nilicheka peke yangu chumbani. Niliisoma makala ile mpaka ikachanika kwenye mikunjo.

Fomu ilifika mwishoni mwa Juni, kurasa nne. Ukurasa wa tatu uliuliza mada ya utafiti. Ukurasa wa pili uliuliza mali ya mzazi, kwa kuwa ufadhili ulikuwa wa watoto wa wasio na uwezo, na hapo kulikuwa na mstari mmoja mfupi: idadi ya ng'ombe. Chini yake nafasi ya mhuri wa mtendaji wa kata.

Mwalimu mwenzangu wa kemia, aliyewahi kujaza fomu kama hiyo, alinipa ushauri wa bure. "Andika kumi, gonga mhuri, nenda zako." Nikamwambia siwezi kuandika namba ya kubuni kwenye karatasi inayoniombea nafasi ya kusomea upimaji. Akanitazama akaendelea kula karanga zake. Ningemsikiliza yule mtu, nisingekuwa na cha kuandika leo.

Baba alikuwa nyumbani Sapiwi. Mama alishafariki nikiwa kidato cha pili, na tangu hapo baba aliishi na mifugo yake na mimi nikawa mgeni wa mwisho wa wiki. Nilikwenda nikamuuliza.

"Baba, una ng'ombe wangapi?"

"Ng'ombe wapo, mayu," alisema. Aliniita mayu siku zote, yaani mama, kama binti anavyoitwa kwetu.

"Wangapi?"

"Wapo."

Akainuka akaenda kuangalia kamba. Nikabaki na kalamu yangu, nimekasirika kama nimezimiwa taa.

Ni lazima nieleze mifugo ile ilikaaje. Zizini kwetu walikuwa wachache tu. Wengine baba alikuwa amewabilisa, yaani amewaweka kwa rafiki zake, kama tulivyozoea sisi Wasukuma. Rafiki anachunga, anakunywa maziwa, mara moja moja anapewa ndama, na ng'ombe wanabaki kuwa wako. Maradhi yakiingia Sapiwi, wa Kasoli wamepona. Ukame ukiwabana wa Kasoli, wa Kiloleli, karibu na ziwa, wanakunywa. Baba alikuwa na ng'ombe kwenye kaya tano za rafiki zake, na hakuna aliyewahi kumsikia akitaja idadi yao. Wazee wa kwetu waliamini kwamba ng'ombe ukimhesabu unamkaribishia kifo. Mimi jambo hilo nilishalicheka darasani, mbele ya wanafunzi.

Kila baada ya muda aliwatembelea rafiki zake kwa zamu. Nilipokuwa mdogo alinipakia kwenye baiskeli tukaenda wote. Alikaa, akauliza majani yakoje, lambo lina maji, kuna aliyekohoa, yule mwenye pembe iliyokatika bado mgomvi. Basi. Akala, akaaga, akarudi nyumbani ameridhika. Nilipokua nikaona ule ni uvivu wa kizee.

Wiki ya mwisho ya likizo nikaenda kuwahesabu, bila kumwambia.

Kwa yule wa Kasoli nilifika jua linaelekea kushuka, wakati ng'ombe wanaingia. Alikuwa rafiki wa baba tangu ujana wao, mtu mrefu mwenye sauti ndogo.

"Mwadila, mayu," alinisalimu. "Baba yako hajambo?"

"Hajambo."

"Amekutuma?"

"Hapana. Mambo ya shule tu."

Nikasimama mlangoni mwa zizi na daftari. Kila aliyepita wa baba, kwa alama ya sikio, nikapiga mstari. Yule mzee alikuwa amesimama kando yangu akiitazama penseli, si ng'ombe. Nilipomaliza aliniambia nimsalimie baba, halafu akasema hapana, atakuja kumsalimia mwenyewe. Nilimwona mkarimu. Kaya tatu nyingine zilikwenda vilevile. Kiloleli nilifika kwa lori la pamba, na mwenyeji wangu kule hakuniuliza chochote. Alinipa ugali na dagaa nikala, akanisindikiza hadi barabarani.

Pamoja na wale wa zizini kwetu walikuwa thelathini na saba. Niliiandika namba ile kwa wino. Mtendaji akagonga mhuri bila hata kuisoma. Ukurasa wa tatu nikaandika mada yangu: kulinda taarifa ya kwanta kwa kuisambaza kwenye chembe nyingi, na kuikagua bila kuisoma. Nikapeleka posta siku hiyo hiyo. Nakiri kwamba nilizishika kurasa zile mbili pamoja, moja juu ya nyingine, na sikuona kitu.

Wiki mbili baadaye nilifika Sapiwi nikasikia mlio wa ng'ombe kabla sijaiona nyumba. Zizi lilikuwa limejaa. Wengine walikuwa wamefungwa nje, kwenye miti ya uzio. Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda, mikono juu ya magoti.

"Mayu, ulikwenda kwa rafiki zangu?"

"Nilikwenda."

"Kufanya nini?"

"Kuhesabu."

Akaiangalia mikono yake. "Ungeniuliza."

"Nilikuuliza, baba. Ulisema wapo."

"Kwani hawapo?"

Nilitamani anipige, ingawa hakuwahi kunipiga maishani.

Baadaye niliunganisha kilichotokea. Miaka ile watu wetu wengi walikuwa wanahama na mifugo kwenda kusini, Usangu na Rukwa, kwa sababu malisho ya huku yalikuwa yamegeuzwa mashamba ya pamba. Mtu anayehama huanza kwa kujua alichonacho. Anayejiandaa kufa naye hivyo hivyo. Yule wa Kasoli aliniona na daftari akajua mzee ama anahama ama anaumwa na anaona haya kusema. Na kwetu ni aibu kubwa kusubiri mpaka mwenye ng'ombe aje kuwadai, kwa hiyo mwenye heshima huwarudisha mwenyewe. Akawaswaga akawaleta. Wa pili akasikia, akaona asiwe wa mwisho. Hadi yule wa Kiloleli alitembea siku mbili. Baba aliwaambia wote kwamba hahami wala haumwi, lakini wakaitikia kwa adabu na kumwachia ng'ombe wake.

Kuanzia hapo nilianza kuogopa, na woga ule haukuniacha mpaka Januari. Ngitili yetu, lile eneo la majani tunalolifunga masika ili liliwe kiangazi, lilikuwa la ng'ombe wachache tu. Mwanzo wa Septemba lilikuwa limebaki vumbi na vishina. Halafu bwana mifugo akatangaza mnadani kwamba homa ya mapafu ya ng'ombe imeonekana upande wa kusini, watu wasichanganye mifugo. Nilikuwa nimesimama pale nikinunua nyanya. Nilihesabu tena kichwani, na hesabu ilikuwa rahisi: kila alichokuwa nacho baba yangu duniani kilikuwa kimesimama ndani ya uzio mmoja, kinapumuliana, kwa sababu yangu.

Nikachukua baiskeli kwenda Kasoli kumwomba yule mzee awachukue tena. Alinikaribisha vizuri, akanipa kiti.

"Mwalimu," alisema, na hapo nikajua mambo yameharibika, kwa sababu hakuniita mayu. "Baba yako nampenda. Lakini sasa mnajua idadi. Zamani ndama akifa nilikuwa naenda kumwambia, ndama amekufa, tunakunywa maziwa, mambo yanaisha. Sasa akifa, utafungua daftari."

"Nitalichoma daftari, baba. Leo leo."

"Na kichwa utakichoma?"

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayeuliza bei ya chumvi. Nikaaga.

Njiani nilishuka kwenye baiskeli nikakaa chini kando ya shamba la pamba lililokwisha kuvunwa. Nilikuwa nimeisoma sentensi ile mara mia, kwa Kiingereza kigumu, kwamba kilichokwisha kupimwa hakirudi kuwa kama hakijapimwa. Nilikuwa naifundisha kwa yeyote aliyekubali kunisikiliza. Na ziara zile za baba, majani yakoje, lambo lina maji, kuna aliyekohoa, zilikuwa ndiyo kazi niliyokuwa naomba kwenda kujifunza ng'ambo. Alikuwa anakagua bila kusoma. Aliifanya miaka arobaini kwa baiskeli, na mimi niliiita uvivu. Nililia pale kando ya njia kwa aibu, waziwazi, wapita njia wakanipa pole ya msiba.

Oktoba niliomba ruhusa shuleni nikahamia Sapiwi, nikawa naenda kazini kwa baiskeli na kurudi. Kila alfajiri kabla ya kuondoka nilisimama kwenye uzio, kwa sababu ng'ombe mwenye ugonjwa huo hukohoa anapoinuka. Nilikuwa nawatazama wakiinuka mmoja mmoja, nimebana pumzi. Siku ishirini na kitu hakukohoa yeyote. Nikaanza kujidanganya. Halafu asubuhi moja dume mwekundu aliinuka, akanyoosha shingo, akapanua miguu ya mbele, akakohoa kikohozi kifupi kikavu. Nikajiambia ni vumbi. Akakohoa tena.

Baba alikuwa nyuma yangu. Nilijua amesikia. Alikwenda kuchota maji kama kila siku.

Chanjo ilikuja imechelewa, na ng'ombe wenyewe walikuwa wamekonda kwa njaa. Sitaeleza wiki zile zote. Nilitamani nisijue wamebaki wangapi na sikuweza, kwa sababu nilikuwa na namba ya kuanzia, na kila mmoja alipoanguka ilijipunguza yenyewe kichwani, nikiwa darasani, nikiwa naosha vyombo. Mwisho bwana mifugo alisema waliobaki wachinjwe wasiambukize wa majirani, na baba akakubali bila kubishana. Alisimama mlangoni mwa zizi mpaka wa mwisho. Rafiki zake hawakuja. Waliogopa kubeba ugonjwa kwenye viatu, na zaidi ya hapo hakukuwa tena na kitu chao kwetu wala chetu kwao cha kuwaleta.

Barua ya kukubaliwa ilikuja Novemba. Walisema mada yangu ni ya wakati wake. Niliiweka chini ya madaftari ya kidato cha tatu, na Krismasi ilipopita nikamwambia baba kwamba nimepata nafasi lakini siendi.

"Utabaki kuchunga nini?" aliniuliza.

Mvua zilikuwa zimeshika. Mchana mmoja wa Januari tulikuwa tumekaa barazani, zizi tupu limeota majani mbele yetu, tukamwona mtu anakuja na njia ya mtoni amejifunika gunia. Alikuwa yule rafiki wa baba wa Kiloleli. Alikuwa anamvuta ng'ombe jike kwa kamba.

Baba akasimama. Wakasalimiana kwa kirefu, kama inavyopasa, mvua ikiwanyeshea wote wawili.

"Huyu ni wako," mgeni alisema.

"Wangu ulishawarudisha."

"Huyu sikumrudisha." Akaniangalia, akaondoa macho. "Nilisikia mwalimu anapita na daftari. Huyu alikuwa na mimba. Nilimpeleka kwa ndugu yangu kule ziwani mpaka mwalimu alipoondoka, sikutaka ahesabiwe na mimba yake. Halafu nikaogopa kusema. Nikaona utaniita mwizi."

Baba akaichukua kamba. Akapitisha mkono mgongoni mwa yule ng'ombe, kuanzia shingoni mpaka mkiani, polepole. Nikafikiri atamwingiza zizini. Badala yake akamrudishia mwenzake kamba mkononi.

"Rudi naye," alisema. "Maji yapo kwenu?"

"Yapo."

"Na majani?"

"Yameota vizuri."

"Haya. Ingia kwanza ule."

Ndama alikuwa nyuma ya mama yake, kwenye matope. Nilimsikia akilia. Nikageuka upesi nikatazama ukuta wa jikoni, na nikaendelea kuutazama mpaka walipomfunga mbali, nisije nikajua kama ni dume au jike.